Barua Zenu na Majibu: Mwanamke, Aya na Wanaozifasiri

Katika toleo lililopita niligusia, ndani ya makala kuhusu hotuba za ndoa, kwamba neno la Kiarabu «zawj» halimbagui mume na mke, na kwamba sisi Waswahili tumeligawa mahali ambapo Kiarabu hakikuligawa. Ilikuwa sentensi moja tu, lakini barua zilizoifuata zimejaza kikapu: zipo za shukrani, zipo za maswali, na ipo moja iliyoniuliza nimelishwa nini siku hizi. Nimechagua chache, nimezifupisha bila kuzigeuza maana, na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa mwezi wa Shaaban uliopita. Kwenye kadi ya harusi yetu shemeji yangu aliandikisha ile aya ya mapenzi na huruma, Kiarabu kwa wino wa dhahabu na Kiswahili chini yake: «amekuumbieni wake zenu». Nilipomwuliza kama na mimi nimeumbiwa mume, alicheka, akasema mwanamke ametoka katika ubavu wa kushoto wa mwanamume, basi mwenye kuumbiwa ni mwanamume peke yake. Je, ndivyo Qurani inavyosema? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu aitie baraka ndoa yenu. Aya ya kadi yenu ni ya 21 katika Sura ya 30, Arrum, na neno lililoandikwa «wake zenu» ni «azwaj», yaani wingi wa «zawj». Maana yake ya asili ni mmoja katika jozi: kiatu cha kulia ni zawj wa kiatu cha kushoto, na cha kushoto ni zawj wa cha kulia. Huna haja ya kutoka nje ya msahafu kutafuta ushahidi. Katika Sura ya 2, aya ya 230, mwanamke aliyeachwa talaka tatu harudiani na mumewe wa kwanza mpaka aolewe na «zawj» mwingine, na hapo wafasiri wetu wa Kiswahili wameandika «mume», kwa kuwa hapakuwa na jingine la kuandika. Sura ya 58 inafunguka na mwanamke anayejadiliana na Mtume (S.A.W.) kuhusu «zawj» wake, nasi tunasoma «mumewe». Neno ni lile lile, na mwanamume ndiye zawj.

Sasa fungua tarjuma ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ambayo iko mezani pangu ninapoandika na ambayo nadhani ndiyo aliyoinakili shemeji yako. Katika aya ya kadi ameandika «wake zenu», na katika aya ya kwanza ya Annisaa (Sura ya 4), pale ambapo watu wote wameumbwa kutokana na nafsi moja, zawj wa nafsi hiyo amekuwa «mkewe». Simlaumu Sheikh, maana Kiarabu chake ni bahari na changu ni kisima, na alifuata njia ya wafasiri wengi waliomtangulia, ambao waliifahamu nafsi hiyo kuwa ni Adam. Lakini katika sarufi ya Kiarabu nafsi ni ya kike na zawj ni wa kiume, kwa hiyo sarufi peke yake haikupi aliyetangulia. Wanawake wanachuoni wa zama hizi, hasa Riffat Hassan wa Pakistan na amina wadud wa Marekani, wamelisimamia jambo hili: kwamba aya inataja asili moja na jozi yake, bila kusema nani alikuwa wa kwanza na nani alikuwa kipande cha mwenzake. Haki inanilazimisha nitaje na hoja ya upande wa pili, kwa sababu katika Sura ya 7, aya ya 189, maneno yale yale yanarudi, kisha kitenzi kinageuka kuwa cha kiume na yule mwenzi anashika mimba, na wafasiri wa kale waliomwona Adam katika nafsi ile walishika hapo.

Ubavu haumo katika Qurani. Wala jina la Hawa halimo. Umo katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, na mojawapo ya mapokezi hayo inasema mwanamke ni «kama» ubavu, ukitaka kuunyosha utauvunja, jambo ambalo ni mfano wa tabia na si habari ya kuumbwa. Mapokezi mengine yanasema ameumbwa kutokana na ubavu, na maneno yanayoifungua na kuifunga hadithi hiyo ni amri ya kuusiana kuwatendea wanawake wema. Ubavu wa kushoto, wala wa mume wako hasa, haumo. Huo ulishuka njiani baina ya kitabu na baraza.

Jambo linalonishangaza kila ninaposomesha ni kwamba lugha yetu imetupa bure kitu ambacho Waarabu hukihangaikia. Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu ni «huwa», na mwalimu hulazimika kueleza kwamba hiyo si jinsia bali ni sarufi. Kwa Kiswahili ni Yeye, na hakuna mtoto wa chuoni aliyewahi kuuliza. «Enyi mlioamini» kwa Kiarabu ni tamko la wanaume linalowachukua wanawake ndani yake. Kwa Kiswahili bibi yangu, aliyenisomesha juzuu ya kwanza juu ya mkeka, hakuwahi kujihisi amealikwa kwa hisani ya mtu. Mlango huo tumefunguliwa na lugha, kisha tulipofika kwenye zawj tukaufunga wenyewe, ilhali neno «mwenzi» tunalo, tena ni letu. Mwambie shemeji yako katika kadi ya harusi ijayo waandike «amekuumbieni wenzi wenu», na aya haitapungua kitu.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi nina mabinti watatu na sina ugomvi na wanawake. Lakini huku kujifasiria Qurani kwa jicho la kike kumetoka vyuo vikuu vya Marekani. Masheikh wetu wametutosha kwa miaka 1,400. Mnatupeleka wapi? (Msomaji wa Kisauni, Mombasa)

JIBU: Waalaykumu salaam, kaka yangu. Robo ya maneno yako ni kweli. Neno ufeministi, yaani kudai usawa wa mwanamke na mwanamume, ni la kigeni, na baadhi ya waandishi wa mkondo huu wamefundisha Marekani. Lakini kitabu cha amina wadud kuhusu Qurani na mwanamke kilichapishwa mara ya kwanza Kuala Lumpur mwaka 1992, Fatema Mernissi alizaliwa Fez na akafundisha Morocco, Riffat Hassan ni wa Lahore, na vuguvugu la Musawah, linalodai usawa katika sheria za familia za Kiislamu, lilizinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009. Ramani hiyo ni ya nchi za Waislamu kuliko unavyodhani.

Ama swali lenyewe, lina umri wa Madina. Ummu Salama (R.A.) alimwuliza Mtume kwa nini Qurani inawataja wanaume na haiwataji wanawake, na wapokezi wanaieleza aya ya 35 ya Sura ya 33 kuwa ndilo jibu: Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, waumini wanaume na waumini wanawake, watiifu wanaume na watiifu wanawake, na kuendelea jozi kwa jozi hadi kumi. Ukiisoma kwa Kiswahili inachosha kidogo, kwa kuwa mfasiri analazimika kurudia «wanaume» na «wanawake» kila mara, na uchovu huo ndio ujumbe wenyewe. Khawla binti Tha'laba, aliyetamkiwa dhihari na mumewe Aws bin Swamit, yaani mume kumwambia mkewe kwamba kwake ni kama mgongo wa mama yake, hakukubali jibu la kwanza alilopewa, alijadiliana mpaka ikateremka sura, na sura hiyo mpaka leo inaitwa kwa sifa yake, Al-Mujadila. Bi Aisha aliposikia kwamba sala hukatwa na mbwa, punda na mwanamke akipita mbele, aliwaambia waliokuwapo kwamba wamewafanya wanawake mbwa na punda, kisha akaeleza kwamba Mtume alikuwa akisali naye amelala mbele yake. Masahihisho yake kwa masahaba yalikuwa mengi kiasi kwamba Imamu Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliyakusanya katika kitabu kizima.

Sitawaita hawa mafeministi. Hawakujiita hivyo, na kuwavisha vazi la karne ya 20 ni kuwakosea adabu. Ninachosema ni kwamba kuuliza «na sisi je?» hakukuanzia Marekani. Wala masheikh hatuwaachi: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa mji wako, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wa pwani wawasomeshe watoto wa kike wakati ambapo wengi waliona huko ni kuwaharibu. Mabinti zako watatu, kama wanasoma, wana deni kwake.

SWALI: Mwalimu, naomba jibu lako lisiwe la kuzunguka. Mume wangu akinipiga husoma aya. Husema Mwenyezi Mungu amesema «wapigeni», na kwamba nikilalamika nalalamikia Qurani. Dada mmoja amenionyesha katika simu kwamba neno hilo maana yake ni «ondokeni kwao» na si «wapigeni». Nishike lipi? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Dada yangu, kabla ya Kiarabu, tuanze na wewe. Ukiumizwa, nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya PF3, ukatibiwe na majeraha yaandikwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo inamhusu na mumeo, mwenye kusoma aya na asiyesoma.

Sasa aya, nayo ni ya 34 ya Annisaa. Umeniomba nisizunguke, nami sitakudanganya kwa jambo jema. Hoja ya dada wa kwenye simu inatokana na ukweli kwamba kitenzi «daraba» kina maana nyingi katika Qurani. Mwenyezi Mungu «hupiga» mfano katika Sura ya 14, aya ya 24, na waumini «hupiga» katika ardhi, yaani husafiri, katika Sura ya 4, aya ya 101. Laleh Bakhtiar, katika tarjuma yake ya Kiingereza ya mwaka 2007, aliliandika neno hilo kwa maana ya kuwaacha na kuondoka. Mswahili anaweza kulipima jambo hili kuliko Mwingereza, kwa sababu kitenzi chetu kina mapana yale yale. Tunapiga simu, tunapiga hodi, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mbizi. Lakini nikikwambia «mpigie mumeo» utachukua simu, na nikikwambia «mpige mumeo» hutachukua simu. Kile kiambishi kidogo katika «mpigie» ndicho kinachogeuza maana, na Kiarabu hufanya kazi hiyo kwa herufi za kuunganisha: kusafiri ni kupiga «katika» ardhi, kujitenga na kitu ni kupiga «kuachana na» kitu. Katika aya ya 34 hakuna herufi hiyo. Kitenzi kimeshika watu moja kwa moja. Kwa hiyo sikuambii neno halina maana ya kupiga. Wasomi wanawake kadhaa, Kecia Ali miongoni mwao, wamewatahadharisha wenzao wasiilazimishe aya iseme wanachotamani iseme, nami nawaunga mkono, kwani hoja dhaifu ikivunjika mbele ya mume kama wako, anayeumia si mwandishi wa hoja.

Lakini mumeo anakusomea neno moja katika aya, na aya moja katika kitabu. Tazama neno la kwanza, «qawwamun», ambalo Sheikh Barwani ameliandika «wasimamizi». Neno hilo hilo linatokea katika aya ya 135 ya sura hiyo hiyo, waumini wote wanapoamriwa wawe qawwamina kwa uadilifu, hata dhidi ya nafsi zao. Msimamizi wa uadilifu hadai kutukuzwa, anabeba mzigo. Na usimamizi wa mume umefungwa na sababu zinazotajwa papo hapo, na mojawapo ni mali anayoitoa. Nasikia katika barua yako ndefu, ambayo sikuichapisha yote, kwamba kodi ya nyumba unailipa wewe.

Tazama «qanitat», linaloandikwa «watiifu». Qurani inamsifu kwa neno hilo Nabii Ibrahim katika Sura ya 16, aya ya 120, na Bi Maryamu katika Sura ya 66, aya ya 12, na Maryamu hakuwa na mume. Utii huo ni wa kiumbe kwa Mola wake, na aliyeugeuza kuwa wa mke kwa mumewe ndiye anayepaswa kuleta dalili.

Tazama na «nushuz», kosa linalotajwa katika aya. Wafasiri wetu wanaliandika kuwa ni mke kutoka katika utiifu. Baada ya aya 94, katika aya ya 128, neno hilo hilo linamshika mume, na hapo Kiswahili chetu kinalieleza kwa maneno ya mume kumtupa mkewe. Msomaji asiyejua Kiarabu hawezi kugundua kwamba amesoma kosa moja mara mbili, la mke kisha la mume. Laiti tungeliandika neno moja katika aya zote mbili, waumini wengi wangeuliza maswali mapema.

Kisha aulizwe mumeo huyo aya imewafikiaje waliokuwapo. Bi Aisha anasema, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Katika Sunan ya Abu Dawud, Habiba binti Sahl alikuja mlangoni kwa Mtume wakati wa alfajiri, mumewe Thabit bin Qays amempiga na kumvunja kiungo. Mtume hakumsomea aya. Alimwita Thabit, akamwamuru achukue mali aliyokuwa amempa, nayo ni bustani mbili, na aachane naye. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka katika kizazi cha waliowafuata masahaba, alisema mume hampigi mkewe bali humkasirikia tu, na Kadhi Ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 1148, akaisifu fahamu hiyo. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani tunamfuata, alisema kuacha kupiga ni bora. Naye Sheikh Ibn Ashur wa Tunis, aliyefariki mwaka 1973, ameandika katika tafsiri yake kubwa kwamba wenye mamlaka wakiona waume wanavuka mipaka, wanaweza kuwazuia kabisa wasipige na kumwadhibu anayepiga. Soma tena kifungu cha 66 baada ya maneno hayo, uone kama sheria ya nchi na mwanachuoni huyo wamepishana.

Ndipo ninapowatofautisha wanaouliza maswali haya. Wapo wanaosema neno halina maana ya kupiga. Wapo, na wadud mwenyewe alifika hapo baadaye, wanaosema maana ipo lakini dhamiri ya muumini, iliyolelewa na Qurani hiyo hiyo juu ya uadilifu, ina haki ya kuikataa kuitekeleza. Na wapo wanaofuata njia ya Ata na Ibn Ashur, ya kuizuia kutoka ndani kwa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Mimi niko kwa hao wa tatu, pengine kwa sababu nimelelewa na vitabu hivyo, lakini nimeacha kuwacheka wa pili.

Aya inayofuata, ya 35, inataka mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Muulize mumeo kwa nini kila akisoma husimama aya moja kabla ya hapo. Ukishindwa, baraza la usuluhishi wa ndoa lipo, na ukatili ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyatazama katika kuamua kama ndoa imevunjika. Usiende peke yako. Nenda na mtu wa kwenu.

SWALI: Mwalimu, hapa Muscat sisi Waswahili tukikutana siku ya Ijumaa mjadala ni mmoja: hadithi ya «hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao», na nyumbani Rais ni mwanamke, tena Mwislamu, tena Mzanzibari. Tunasemaje? (Msomaji wa Muscat)

JIBU: Semeni kwanza hadithi yote. Iko katika Sahihi Bukhari, imepokewa na sahaba Abu Bakra (si Khalifa Abubakar), na Mtume aliisema alipopata habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra, yaani mfalme wao. Abu Bakra mwenyewe anaeleza kwamba aliikumbuka siku za Vita vya Ngamia, mwaka 656, alipokuwa anafikiria kujiunga na jeshi la Bi Aisha. Fatema Mernissi, katika kitabu chake cha mwaka 1987, aliuliza kwa nini ilikumbukwa wakati huo baada ya robo karne, akachimba pia habari kwamba Abu Bakra aliwahi kupigwa viboko na Khalifa Umar katika kesi ya kusingizia zinaa. Wanahadithi wamemjibu kwamba adhabu ile ilihusu ushahidi uliokosa kutimia idadi, si uongo katika upokezi, na kwa kanuni za fani yao jibu hilo lina uzito. Kwangu mimi hoja yenye nguvu zaidi ni ya mwanamume na sheikh wa Azhar, Muhammad al-Ghazali wa Misri, aliyeikubali hadithi kuwa ni sahihi, kisha akasema kwamba inaelezea dola ya Uajemi iliyokuwa inaporomoka na si kanuni ya umma wote, kwa sababu Qurani yenyewe katika Sura ya 27 inamwonyesha Malkia wa Sabaa akitaka ushauri wa wakuu wake kabla ya kukata jambo, akiepusha vita, na mwisho akiwaongoza watu wake kwenye imani. Wakuu walikuwa tayari kwa vita, yeye ndiye aliyefikiri. Kama hawafaulu, basi watu wa Sabaa wangetajwa kwa hasara.

Tena Mswahili aliye Muscat asijifanye mgeni wa jambo hili. Unguja ilitawaliwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, na Pate ikawa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021 akiwa ameshika msahafu, katika pwani hii alikuwa anarudisha kitu, si kuanzisha. Kama anatawala vyema au vibaya, hilo lijadilini mpaka Maghribi, lakini kwa matendo yake.

SWALI: Je, mwanamke anaweza kuwa imamu? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Kwa wanawake wenzake, ndiyo, na katika madhehebu ya Shafi jambo hilo ni sunna. Kwa wanaume katika sala ya faradhi, madhehebu manne yamekataa. Ipo hadithi ya Umm Waraqa, aliyeamriwa na Mtume awasalishe watu wa nyumba yake na akawekewa mwadhini mzee, nayo ndiyo inayotegemewa na walioruhusu, wakiwamo wachache wa kale. Sala ya Ijumaa aliyoisalisha amina wadud mjini New York tarehe 18 Machi 2005, wanaume na wanawake pamoja, ilitikisa dunia kuliko vitabu vyake vyote, na naona ni hasara, kwa sababu vitabu vina mengi zaidi ya kujadiliwa kuliko nani asimame mbele.

SWALI: Mwalimu, baba yetu alifariki miaka sita iliyopita, akaacha mama yetu, mtoto mmoja wa kiume na sisi mabinti watatu, nyumba ya mawe na shamba la minazi. Kaka anasema mwanamke hana fungu kamili mbele ya mwanamume, basi ametuachia chumba cha mama tu. Nasikia Tunisia walitaka kugawa sawa kwa sawa. Na sisi tudai hivyo? (Msomaji wa Lamu)

JIBU: Mjadala wa Tunisia ni wa kweli. Mwaka 2018 Rais Beji Caid Essebsi alipendekeza sheria ya mirathi ya usawa, serikali yake ikaupitisha muswada, lakini hakufika nao mwisho, akafariki Julai 2019. Wanaodai usawa huo wanasema fungu maradufu la mtoto wa kiume katika Sura ya 4, aya ya 11, lilikwenda sambamba na wajibu wake wa kuwalisha dada zake, na ambapo wajibu umekufa, haki iliyojengwa juu yake iulizwe. Wengine wanajibu kwamba mafungu hayo yametajwa kwa hesabu na hayana nafasi ya fasiri. Ningependa kuukalia mjadala huo siku moja, kwani si kila mahali mwanamke hupata nusu: ndugu wa kwa mama, katika aya ya 12, hugawana sawa, wa kike na wa kiume.

Ila ninyi, mwanangu, hamjafika huko. Kesi yenu haihusu fasiri ya mtu yeyote. Kaka yenu haifuati hata ile aya anayodhani inamtetea. Aya ya 7 inasema wanawake wana sehemu katika waliyoyaacha wazazi, «ikiwa kidogo au ikiwa nyingi». Ichukulie mali yote kuwa mafungu 40. Mama yenu, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumni (moja ya nane), yaani mafungu 5. Yanabaki 35, mtoto wa kiume anachukua mawili ya binti: kaka 14, na kila mmoja wenu 7. Jumlisha 5 na 21. Katika nyumba ile na shamba lile, wanawake mna mafungu 26 kati ya 40, na hiyo ni kwa hesabu ya zamani kabisa, bila mfeministi hata mmoja kuigusa.

Nendeni kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, imempa mamlaka ya mirathi pale pande zote zikiwa za Kiislamu na zikikubali mahakama yake. Chukueni cheti cha kifo, hati za nyumba na shamba, na mashahidi wanaowajua warithi wote. Mama aende nanyi, asiwakilishwe na mtu. Na mwulizeni kaka mbele ya Kadhi, kwa upole, nazi za miaka sita zimeuzwa wapi na kwa kiasi gani, kwa sababu mazao ya mali ya urithi ni ya warithi wote, kwa mafungu hayo hayo.